Rimoti haikati umeme: nilivyojifunza kutengeneza AC

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza ufundi wa AC hapa Dar es Salaam ulikuwa huu: "Kijana, zima kwa rimoti, kapasita iguse kwa bisibisi, kazi imeisha." Kapasita ni kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme, na ushauri huo unanikasirisha mpaka leo.

Ilikuwa mashine ya BTU 24,000, kompresa (pampu inayosukuma gesi ya kupoza) imegoma. Mwenzangu alikuwa juu ya ngazi. Alipogusisha bisibisi kwenye ncha mbili za kapasita, ilisikika paa! Cheche ikaruka, chuma kikamegeka ukingoni kama kimetafunwa na panya, naye akajirusha nyuma. Nilimdaka kiunoni. Tukakuta waya wa kompresa umeungulia kwenye kiungo, kwa hiyo chaji ilikosa pa kutokea, ikabaki humo ingawa umeme ulishazimwa.

Jioni ile nikaunda kifaa changu: holda, balbu ya zamani ya wati 60 (ya LED haifai), nyaya mbili na klipu zenye plastiki. Gharama haikufika shilingi elfu kumi. Nabana ncha za kapasita: C (ya pamoja) na HERM (ya kompresa), kisha C na FAN (ya feni). Kama kuna chaji, balbu inawaka mara moja na kuzimika, taratibu kabisa, bila kelele. Napima kwa mita ndipo naingiza mkono. Nakipenda kifaa hiki kuliko zana zangu zote.

Wapo pia wanaopima uvujaji wa mabomba ya AC kwa oksijeni ya wachomeleaji. Tafadhali, usithubutu! Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka. Tumia naitrojeni na regyuleta yake (kifaa cha kupunguza presha).

Lakini kilichonitisha zaidi ni swichi ya ukutani, kwenye nyumba moja Tabata. Mama mwenye nyumba alikuwa ameizima, feni imesimama. Nikapima L (laini ya moto) na N (nyutro, waya wa kurudisha umeme): sifuri. Mita nilishaijaribu kwenye soketi yenye umeme, maana mita mbovu nayo husoma sifuri. Nikapima L na waya wa ardhi: volti 230. Swichi ilikuwa inakata nyutro peke yake, laini ya moto inaendelea kuingia ndani ya mashine. Ningepima mara moja tu, ningeishika.

Nikashuka kuzima meini swichi. "Mwanangu," mama akaniuliza, "ina maana siku zote naifuta hii mashine ikiwa na umeme?" Nikamwambia ndiyo, mama. Nikaanza kwa kumfungia swichi ya kukata nyaya zote mbili, AC ikasubiri.