Binti wa Nani?

Juni 2024 tulipoandamana Moi Avenue hapa Mombasa kupinga Mswada wa Fedha, mama hakunizuia. Aliniambia tu nivae raba, nisije nikakimbia na ndara. Mswada ulipoletwa, mkate ulikuwa utozwe kodi ya asilimia 16, na hilo kwake halikuhitaji ufafanuzi. Hata wazee wa kahawa walikuwa upande wetu. Tarehe 26 rais akakataa kuutia sahihi. Tulishangilia, ingawa shangwe yenyewe ilikuwa na kilio ndani, maana jana yake vijana walikuwa wamepigwa risasi nje ya Bunge.

Wiki hii nimekuwa nikiwaza kwamba kumpigia kelele mkubwa aliye Nairobi, tena ukiwa ndani ya umati, ni kazi nyepesi kuliko kusimama mtaani kwenu mbele ya mtu aliyebeba jeneza la babu yako.

Nasema hivi kwa sababu ya mkutano wa maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Uliitwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Basi wengi waliokuja ni wazee, na sisi vijana wachache tusio na ajira (kukosa kazi nako kuna faida zake). Makaratasi tuligaiwa mlangoni, yote kwa Kiingereza, tarakimu tupu. Soda zilikuwa tele.

Binti mmoja wa baibui, aliyekuwa akifuata mistari kwa kidole tangu aketi, akanyoosha mkono. Akasema mtaani kwao mfereji watoa upepo, madumu ya maji wanunua kwa wenye mikokoteni. Je, fungu la maji liko ukurasa upi?

Kimya. Mzee mmoja wa safu ya mbele, bila hata kugeuka, akauliza: "Binti wa nani huyo?"

Hapa kwetu ukiulizwa hivyo, ujue habari zako zitatangulia kufika nyumbani kabla hujavua viatu. Nimeona vijana waliosimama mbele ya vitoa machozi wakiketi kwa maneno hayo. Yeye hakuketi. "Shikamoo babu. Mamangu ndiye yule aliyekuja kwenu juzi kuomba maji, nanyi pia mkawa hamna."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mzee akaitikia marahaba, akakohoa. Ofisa akasema "tutalifuatilia", na ukurasa hakuutaja.

Siku hizi twaambiwa kizazi hiki hakina adabu, kana kwamba Mombasa haikuwahi kuzaa vijana wenye ulimi. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa hapa, alikuwa na miaka 22 mwaka 1968 alipoandika waraka wa Kenya: Twendapi? kuihoji serikali ya Jomo Kenyatta. Alifungwa miaka mitatu. Mashairi aliyoyatunga gerezani leo husomeshwa kwa fahari, na ningependa sana kujua barazani walisemaje juu yake siku ile alipokamatwa.

Kifungu cha 196 cha Katiba chalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma. Hakijasema saa nne asubuhi. Kwa hivyo tumeandika barua, binti yule na sisi wengine, tukiomba kikao kijacho kiwe Jumamosi na makaratasi yatoke mapema, kwa Kiswahili. Mzee tumempelekea nakala. Amekataa kutia sahihi, lakini ameturudishia ikiwa na makosa yetu ya Kiswahili yamepigiwa mstari kwa wino mwekundu.