Saa saba usiku, tarehe ngapi? Siku moja kwenye makaratasi ya ndege

Saa 10:30 alfajiri naamka Gongo la Mboto, na saa 11:15 nimeshakaa kwenye daladala, kiti cha dirishani. Nafanya kazi Uwanja wa Julius Nyerere, kwenye shirika moja la ndege, kitengo cha kumbukumbu za kiufundi. Nyumbani wakiulizwa niko wapi husema "yuko kwenye ndege", watu wakanifikiria na skafu shingoni. Sijawahi kumpa abiria hata maji. Nasoma walichoandika mafundi usiku.

Saa 12:05 nakuta kurasa tatu mezani, nakala za kaboni kutoka teki logi, lile daftari ambamo rubani huandika hitilafu na fundi akajibu ameifanyaje. Sheria ni kwamba nakala ya ukurasa wa mwisho ibaki chini kabla ndege haijaruka. Kwa hiyo mimi na ndege tunakimbizana kila asubuhi, na hii ya kwenda Mwanza inaondoka saa 1:00.

Saa 12:20. Pangaboi letu, yaani ndege yetu ya propela, limelala na rada mbovu ya hali ya hewa. Si kosa kuruka nayo, mradi huko linakokwenda hakujatabiriwa radi, na mradi itengenezwe ndani ya siku 10, bila kuhesabu siku hitilafu ilipoandikwa. Injinia wa zamu ameandika: tarehe 12, saa 2200, mwisho tarehe 22.

Narudia kusoma. Karatasi za ndege hufuata saa ya Zulu, saa moja ya dunia nzima (UTC), ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Leo ndiyo tarehe 12, na kwa Zulu sasa hivi ni 0320. Saa 2200 ya tarehe 12 haijafika! Mzee ameandika hitilafu ya kesho.

Nikaelewa mara moja. Aliikuta saa saba usiku. Saa aliigeuza vizuri, tarehe akaichukua kwenye simu. Kwa Zulu siku hugeuka saa tisa usiku wetu, kwa hiyo ile bado ilikuwa tarehe 11, na siku 10 zinaishia tarehe 21. Tarehe 22 tungerusha ndege kutwa nzima bila ruhusa. Kinachoniuma ni kwamba angefuata lugha yake mwenyewe asingekosea: sisi tungesema usiku wa kuamkia tarehe 12, na mtu aliyeingia kazini jioni ya tarehe 11 na hajalala, kwake bado ni siku ileile. Simu ndiyo iliyomponza.

Saa 12:35 namkuta anavaa helmeti ya pikipiki.

"Shikamoo Injinia."

"Marahaba mwanangu. Umenishika wapi leo?"

Mtu wa umri wa baba yako huwezi kumwambia umekosea hivihivi. Nikamwambia kuna tarehe naomba tuitazame pamoja. Akatazama, akanyamaza, akavua helmeti. Mimi siruhusiwi kuigusa. Aliyeandika ndiye anayesahihisha. Mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, tarehe sahihi pembeni, saini, namba ya leseni. Wino mweupe ni marufuku. Na daftari lenyewe liko ndani ya ndege, abiria wanapanda.

Jamaa wa ratiba akapiga simu: "Dada, ni tarehe tu hiyo. Si mtarekebisha ikirudi?" Nilimjibu vibaya kidogo, nikaja kumwomba radhi mchana. Naye ana bosi wake. Ndege ilichelewa dakika 11, na dakika hizo zikaandikwa kwa idara ya ufundi, maana kila ucheleweshaji lazima upewe msimbo na mwenyewe. Siku ya 22 iliyookolewa haina msimbo.

Saa 2 hadi saa 5 ni kuingiza data. Hapa sina la kujisifu. Mwaka wangu wa kwanza niliandika saa za kuruka 4,318 badala ya 4,381, na kompyuta ikasogeza ukaguzi mbele kwa saa 63. Bosi aliligundua siku ya tatu. Tangu hapo nasoma tarakimu kwa sauti, wenzangu wamezoea.

Saa 5:40 ndege imerudi. Kadi ya kubadili gurudumu, iliyojazwa alfajiri, inaonyesha namba ileile kwenye kisanduku cha lililotoka na cha lililowekwa, juu yake alama ya dole gumba yenye grisi. Nikaenda kwenye lami na kijana aliyeijaza. Jua la Dar halina huruma. Akachuchumaa, akafuta kitovu cha gurudumu kwa tambara, akaisoma. Ilikuwa nyingine kabisa. "Dada, walikuwa wananiita redioni mara mbili mbili," akasema. Namwamini. Gurudumu lenyewe alilifunga sawasawa, kalamu ndiyo aliyoishika akiwa ameshasimama kuondoka.

Wali maharage, saa 7.

Saa 8 tuna somo fupi la kupokezana zamu. Mwalimu alirudia mkasa wa Texas wa Septemba 1991: Embraer 120 ilifunguliwa skrubu 47 juu ya bawa la mkia la kushoto, zamu zikabadilishana, na makaratasi hayakuonyesha wazi kuwa skrubu hizo zimetoka. Asubuhi ndege ikarudi kazini. Safari ya kwanza ilifika salama. Ya pili iliua wote 14. Niliwahi kuusikia, lakini leo ile safari ya kwanza ndiyo iliyonikaa kichwani.

Saa 9:30 Mzee akapiga, sauti ya usingizi. Anataka nibandike karatasi chini ya saa ya ukutani pale hanga. "Kalamu nene, mwanangu, macho yangu ya usiku unayajua."

Nimeandika: KUANZIA SAA 6 HADI SAA 9 USIKU, TAREHE NI YA JANA. Nikaibandika kwa selotepu, nikasaini kitabu cha kutoka, saa 10:05. Kwa Zulu, 1305.