Nilivyoipata Nicodemus kwa mstari mmoja wa mwaka 1877

Binti yangu yuko darasa la nane hapa Wichita, Kansas. Mwaka jana walipewa kazi ya shule: kila mmoja achague jamii moja ndogo ya vijijini katika jimbo hili, aeleze iko wapi, ilianzaje, na kwa nini iko pale na si kwingine. Yeye akachagua Nicodemus. Jina lilimvuta, maana nyumbani tunasoma habari za Nikodemo katika Yohana sura ya 3. Alipogundua kwamba ni mji ulioanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani, hakutaka tena kubadilisha.

Jioni moja alinijia na nakala ya tangazo la tarehe 2 Julai 1877. Kampuni ya mji wa Nicodemus ilikuwa inawaita raia weusi wa Marekani waje kuchukua ardhi ya serikali magharibi mwa Kansas. Maneno yake ni matamu: udongo mweusi wenye rutuba, chemchemi bonde zima, mawe laini ya kujengea, kuni za kutosha, hata makaa ya mawe ambayo walikuwa na hakika watayapata. Wanaeleza kwamba walianza na wanachama 12 na dola 3 kwenye hazina. Nilirudia sentensi hiyo ya dola 3 mara kadhaa. Mimi nimekaa kwenye vikao vya vikundi vya kuweka na kukopa, najua sauti ya watu wenye dola 3 na nia.

Lakini kilichomkwamisha mtoto kilikuwa mstari mmoja. Ulisema mji uko robo ya kaskazini-magharibi, kipande cha 1, mraba wa 8, safu ya 21.

"Baba, hii ni anwani au ni hesabu?"

Nikamwambia aniachie siku mbili. Nilikuwa naingia kazini usiku, kwa hiyo asubuhi ndiyo ilikuwa nafasi yangu.

Siku ya kwanza nilielewa jambo kubwa. Serikali ya Marekani ilipopima ardhi hizi iliikata nchi kama karatasi ya hesabu: miraba ya maili 6 kwa 6, na kila mraba ukagawanywa vipande 36 vya maili moja moja. Kipande kimoja ni ekari 640. Robo yake ni ekari 160, na hizo ndizo ekari ambazo sheria ya mwaka 1862 ilimpa mtu aliyekubali kukaa na kulima miaka 5. Miraba ya Kansas huhesabiwa kuelekea kusini kuanzia mpaka wa Nebraska. Safu huhesabiwa kuelekea mashariki na magharibi kuanzia mstari mmoja mkuu, meridiani ya sita.

Na huo mstari unapita Wichita. Ni barabara ya Meridian! Naivuka kila siku nikienda kazini, na miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza kwa nini inaitwa hivyo. Nilimwamsha mke wangu kumweleza.

Basi nikachukua ramani, rula na penseli. Safu ya 21 inaanzia maili 120 magharibi ya mstari ule, yaani kilomita 193 hivi. Mraba wa 8 unaanzia maili 42 kusini ya Nebraska. Nikachora mraba, nikajaza vipande 36 kutoka kushoto kwenda kulia kama mtu anavyosoma kitabu, nikaweka nukta kwenye kipande cha 1. Nikalinganisha na ramani ya sasa: pale nilipoweka nukta hapana mji. Nicodemus iko maili 5 mashariki zaidi. Nikapima upya mara tatu, jibu lilelile.

Kosa nililiona siku ya pili. Wapimaji hawakuandika namba kama kitabu. Walianzia pembe ya kaskazini-mashariki, wakaenda magharibi hadi 6, wakashuka mstari, wakarudi mashariki na 7, 8, 9. Wamekwenda kama plau la ng'ombe! Mimi nimekulia Mbulu, nimeshika plau tangu nikiwa mdogo; ukifika mwisho wa shamba huwarudishi ng'ombe mwanzo wapige mstari mpya, unageukia palepale. Nilipohesabu hivyo, nukta ilikaa juu ya Nicodemus kabisa. Binti yangu alichora mraba wake akaweka na mishale inayogeuka, na chini akaandika kwa Kiswahili: njia ya ng'ombe.

Julai tukaenda. Nilitaka tupite Ellis, kituo cha reli ambako kundi kubwa la kwanza, watu wapatao 300 kutoka Kentucky, walishukia Septemba 1877. Kutoka pale walitembea siku mbili, maili kama 35. Sisi tuligeuka kaskazini tukaingia barabara za changarawe. Ni nchi ya mawimbi ya nyasi, upepo haunyamazi, na mti unauona kwenye mkondo wa maji tu. Tukavuka mto Saline, tukapanda, tukashuka kuelekea mto Solomon wa kusini. Nilizima redio. Mtoto alikuwa anahesabu njia panda, kila maili moja moja, kwa sababu hadi leo barabara nyingi za huko zinafuata mistari ya wapimaji.

Masika ya 1878 alifika mama mmoja, Willina Hickman, pamoja na mumewe mchungaji. Wanaume walipaza sauti kwamba Nicodemus imeonekana. Akakaza macho, asione kitu. Akauliza mji uko wapi. Mume akamwonyesha moshi unaotoka ardhini, akamwambia ndio huo. Watu walikuwa wanaishi kwenye nyumba za kuchimba. Mama yule akaanza kulia.

Hapo niliweza kumweleza mwanangu kitu ambacho mwalimu wake asingeweza. Babu zetu Wairaqw nao walichimba nyumba ubavuni mwa vilima, paa la udongo likaota majani, ili adui apite asijue kuna watu. Nyumba ya namna hiyo ina joto usiku, lakini mvua ikizidi udongo unadondoka kwenye chungu na watoto wanahamishwa kona hadi kona. Huko Kansas hawakuwa wanajificha. Mbao hazikuwepo, na baridi ilikuwa inakuja. Wazee wao wamesimulia kwamba majira yale ya kwanza ya baridi Waosage, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wanarudi kutoka kuwinda waliwagawia chakula.

Pia mahali penyewe pana ugumu wake. Nicodemus iko maili 20 tu mashariki ya meridiani ya 100 (hii ni ya nyuzi za longitudo, si namba ya wapimaji kama ile ya sita), na mwaka 1878 mpelelezi wa nchi za magharibi John Wesley Powell aliandika kwamba magharibi ya mstari huo kilimo cha kutegemea mvua ni cha mashaka. Hata hivyo mji ulisimama. Zachary Fletcher akawa msimamizi wa posta, mkewe Jenny akafundisha watoto. Edward McCabe, aliyefika 1878, alichaguliwa 1882 kuwa mkaguzi wa hesabu wa jimbo zima. Mji ulikuwa na magazeti mawili.

Kilichouvunja ni reli. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kutoa hati za dhamana za dola 16,000 ili reli iwafikie. Haikufika. Mwaka 1888 ilipita kusini ya mto, na wafanyabiashara wakahamia Bogue, maili chache tu kutoka pale. Posta ilifungwa 1953. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimewaona nyumbani watu waliochanga kwa ajili ya barabara ambayo ikaja kupita kijiji cha pili.

Tulikuta majengo matano ya kihistoria yamesimama, ambayo tangu 1996 yako chini ya hifadhi ya taifa: makanisa mawili, shule, hoteli ya zamani, na ukumbi wa mawe ya chokaa wa 1939. Wakazi wa kudumu ni wachache sana. Lakini tulikwenda mwisho wa Julai, wakati wajukuu na vitukuu wanaporudi kutoka kila jimbo kwa ajili ya sikukuu yao ya ukombozi, na magari yalijaa hadi kando ya barabara kuu ya 24. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani alimwuliza binti yangu amebeba nini. Akamfungulia ule mraba wake. Mzee akaweka kidole kwenye kipande cha 1, akakisogeza kufuata mishale, akageuka, akageuka tena, akasimama kwenye kipande kimoja.

"Hapa ndipo alipolima babu wa mama yangu," akasema.

Binti yangu akatoa penseli akamwomba aweke alama mwenyewe.