Theluji ya Edinburgh na Mama wa Kituoni

Jumatano ya tarehe 28 Februari 2018, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili mjini Edinburgh, Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza ilitangaza tahadhari nyekundu ya theluji kwa ukanda wa kati wa Uskoti, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa nne asubuhi ya siku ya pili. Masomo yaliahirishwa, nami nikaenda kituoni kusubiri basi la kuelekea Morningside, bila kujua kwamba mabasi yalikuwa yameanza kuondolewa barabarani.

Kituoni nilimkuta mama mtu mzima, wa umri wa bibi yangu, koti lake la buluu limefungwa vifungo hadi kidevuni. Mfuko wake wa kitambaa ulikuwa na makopo ya supu na pakiti ya biskuti tu, kwa sababu mkate na maziwa vilikuwa vimekwisha madukani tangu asubuhi. Kwa malezi ya Tanga nilikokulia, kusimama karibu na mtu wa umri ule bila kumwamkia ni utovu wa adabu, na salamu hufuatiwa na habari za nyumbani, za watoto na za afya, mpaka igundulike kwamba shangazi wa mmoja aliolewa Pangani, jirani na kwao mwenzake. Edinburgh haikuwa hivyo. Nilikwisha kuona kwamba mtu akiulizwa habari za wanawe na asiyemfahamu hujibu kwa ufupi, kisha akageukia simu yake. Lakini huyo huyo, ukimkuta na mbwa wake katika uwanja wa Meadows, atasimama kuzungumza na mpita njia kwa muda mrefu, na jina la mbwa litatajwa, na umri wake, na hata chakula kinachomsumbua tumbo, wala hapana atakayeuliza jina la mwenye mbwa. Mazungumzo ya wageni kule huwekwa juu ya kitu ambacho wote wawili wanakiona, ili pasiwe na anayelazimika kufungua mlango wa nyumba yake kabla hajapenda. Naamini hiyo nayo ni heshima, tena heshima ya kweli, ingawa si ile niliyofunzwa.

Kwa hiyo sikumwuliza habari za nyumbani. Nilitazama juu nikasema kwamba theluji inazidi. Akanigeukia kwa uchangamfu ambao sikuutarajia, akaniambia kwamba hii bado, kwani katika baridi ya mwaka 1963 alikuwa mtoto wa shule, na baba yake alilazimika kuchimba njia kwa sepeto kutoka mlangoni hadi barabarani, kisha asubuhi iliyofuata akaichimba upya. Alikuwa bado anaeleza jinsi maziwa yalivyoganda ndani ya chupa pale ubao wa umeme wa kituoni ulipofuta dakika zote za mabasi. Nilimwuliza anaelekea wapi, akasema Bruntsfield. Ilikuwa njia yangu, nikampa mkono, akaushika.

Tuliuvuka uwanja wa Meadows pole pole, upepo wa mashariki ukitupiga ubavuni na theluji ikizama chini ya viatu vyetu. Aliniuliza kama nilipata kuiona theluji kabla ya kufika Uskoti. Nikamweleza kwamba kileleni Kilimanjaro, kwenye mita 5,895, kuna barafu, nami nilizoea kuitazama kupitia dirisha la basi nikisafiri kwenda Moshi, huku abiria tukijipepea kwa joto. Aliposikia Tanzania akamtaja Mwalimu Nyerere, aliyesoma katika chuo kikuu hicho hicho kuanzia 1949 hadi 1952, tukawa tunajiuliza kama naye aliwahi kuuvuka uwanja ule akiwa na soksi zilizolowa. Njiani watu waliokuwa wakiondoa theluji mbele ya milango yao walituita, wakatuuliza tunakokwenda, mmoja akatuonyesha upande usioteleza. Sikuwahi kuusikia mtaa ule ukiwa na sauti nyingi kiasi kile.

Usiku nilimpigia mama yangu simu. Aliposikia kisa chote aliuliza yule mama ana watoto wangapi, na kama anaishi peke yake. Nilimjibu kwamba hayo hatukuyagusa. Mama hakuridhika, alisema mtu uliyemshika mkono njia nzima si wa kuachwa hivyo, nami ni wajibu wangu nikamjulie hali.

Nilikwenda barabara zilipoanza kupitika, nikiwa na mkate na chupa ya maziwa. Alinikaribisha jikoni, na mazungumzo tukayaanzia pale tulipoyaachia, kwenye theluji. Habari za wanawe alinipa mwenyewe, chai ilipokuwa tayari: wawili, mmoja yuko Aberdeen na mwingine Kanada.