Tulikuwa hatuzikani

Juzi tumetoka kumzika mzee mmoja hapa mtaani, tuko njiani twarudi, mwanangu wa pili kanishika kidole kaniuliza, baba, wale watu walikuwa wanagombania nini? Sikumfahamu mara moja, nikadhani kaona ugomvi mahali. Kumbe anaulizia jeneza. Ana miaka 9 na ndo maziko yake ya kwanza, kaona wanaume wazima wanasukumana, huyu anaingiza bega, yule anamgusa mwenzake mgongoni atoke na yeye apate, mtu hajamaliza hatua nne kashapokewa, na jeneza lenyewe linakwenda kasi juu ya vichwa kama linaelea. Nikamwambia kila mtu anataka thawabu. Akaridhika, akaanza kuniuliza habari za mpira.

Mie ndo sikuridhika. Tokea juzi nalala naamka na jeneza jengine kichwani, lile la baba, na leo nimeona bora niandike tu.

Baba kafariki mwezi wa sita mwaka 2002, alfajiri ya Jumatano, presha ilimpanda usiku na hatukuwahi popote. Nilikuwa na miaka 17. Mnaotoka kwetu Pemba kaskazini mwaka huo mnaujua ulivyokuwa, siwezi kuanza kuwahadithia mambo mliyoyaishi. Mwaka na nusu nyuma yake ndo ilikuwa ile tarehe 27 Januari 2001, maandamano ya upinzani, risasi, watu wamekufa, na zaidi ya watu 2,000 wakapanda madau na maboti usiku wakakimbilia Shimoni, Kenya. Wazanzibari tukawa wakimbizi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifikiria.

Mtoto wa ami yangu alikuwemo. Ami huyu ni mdogo wake baba, tumbo moja, nyumba zetu zimetenganishwa na mwembe na hatua kama mia na hamsini. Baba alikuwa na kadi ya CCM, chama tawala, na kabla yake alikuwa na ya Afro-Shirazi, kaiweka kwenye kasha pamoja na hati ya shamba. Ami ni CUF wa damu, chama cha upinzani. Na walikuwa wanakaa baraza moja wanabishana wee mpaka kahawa inapoa, hata ule uchaguzi wa 1995 matokeo yalipotoka asilimia 50.2 kwa 49.8, kila mmoja anasema ameshinda yeye, lakini jioni walikula pamoja. Nataka mjue hilo, kwamba kulikuwa na wakati mabishano yalikuwa mabishano tu.

Baada ya Januari ile ikaenea kijijini kwamba askari walipewa majina ya vijana, na kwamba mtoaji majina ni baba. Kama kweli au si kweli mie sijui. Nimeandika hivi nikafuta nikaandika tena, maana ningependa niseme ni uongo, lakini sijui. Ninachokijua nilichokiona kwa macho yangu ni hiki: wiki ile mtoto wa ami hajulikani kama yuhai au maiti, nyumba yao imejaa wanawake wamekaa chini kama msibani, mama kapika uji wa mchele akautia kwenye bakuli kubwa la bati akalifunika na sahani, kajitanda kanga yuko mlangoni anatoka kuupeleka, baba akamwambia usende. Neno moja tu. Mama akaliweka bakuli juu ya meza, likalala pale, asubuhi ule uji umeganda una ngozi juu, hakuna aliyeugusa. Kwa hivo nikisema walitususia siye, lazima niseme na bakuli lile.

Oktoba 10, 2001 viongozi wa CCM na CUF wakatia saini Muafaka, mapatano ya vyama viwili hivyo, tukasikia redioni, vijana wakaanza kurudi kutoka Kenya na mtoto wa ami akarudi naye, mzima, mwembamba. Viongozi wanapeana mikono. Kijijini kwetu hakuna aliyempa mtu mkono. Kulikuwa na gari ya CCM na gari ya CUF, duka la hawa na duka la wale, msikiti mwengine ukaanza kujengwa, na wake wameachwa, kweli talaka kabisa, kwa sababu ya kura. Na tulikuwa hatuzikani. Asiyetoka kwetu hawezi kulisikia neno hilo linavyouma. Kukosa kuzuriana mtu anavumilia, harusi anavumilia, lakini Muislamu afe jirani yake asiende kumzika!

Basi Jumatano ile.

Kwa kawaida mtu akifa kwetu habari ikishatoka watu wanamiminika wenyewe, huyu na jembe, huyu na chepeu, huyu anatafuta mbao za mwanandani, mfiwa hagusi kitu. Siku ile kaburi nimechimba mie na kaka yangu na mjomba wangu mmoja aliyetoka Wete. Kumwosha baba tumemwosha siye. Ilipofika adhuhuri tukahesabiana uani, tuko watu 11, katika hao wawili ni wazee hawawezi kubeba na mmoja ni mwalimu wa chuo cha Kurani kaja kusalisha, naye kaja kwa kujificha kapitia nyuma ya migomba. Wanane ndo wa kubeba. Makaburini ni mwendo wa robo saa, unashuka bonde la mpunga halafu unapanda kwenye mikarafuu.

Jeneza la mtu mmoja nani kasema ni jepesi? Likiwa na watu mia halina uzito, hulijui hata lina mbao gani. Mie siku ile nililijua. Lile tenge la kubebea upande wa kulia mbele lilikuwa na kifundo cha mti, kimekaa pale pale kwenye mfupa wa bega, kila hatua kinasaga, na hakuna wa kunigusa mgongoni aniambie nipishe na mie. Wanne tunabeba, wanne wanasubiri zamu, zamu yenyewe inarudi kabla hujapumua. La ilaha illa Llah ya watu kumi na moja ni sauti ndogo sana, unasikia kila mtu na sauti yake, unasikia nani amechoka. Kwenye nyumba moja mtu anatwanga. Maiti inapita na mchi hausimami, tuh, tuh, tuh. Watoto walikuwa wamekaa nje, mkono ukatoka mlangoni ukawavuta ndani.

Na jeneza halitui njiani, hilo kila mtu anajua, likishanyanyuliwa linakwenda mpaka kaburini. La baba lilitua mara mbili. Mara ya pili ilikuwa wakati wa kupanda kilima baada ya bonde, ile kwanza ilikuwa mapema tu, hata hatujafika mbali, kaka yangu mguu ulimteleza akapiga goti na tukaona bora tulishushe kuliko aanguke baba. Tulipolishusha nikanyanyua uso nikaona tuko mbele ya nyumba ya ami.

Ami kasimama barazani. Kavaa kanzu.

Hapo ndo nimekwama miaka yote hii. Ilikuwa Jumatano, si Ijumaa, na adhuhuri msikitini watu wanakwenda na shuka na shati. Ile ilikuwa kanzu yake nyeupe ya kushughulikia, imepigwa pasi, alama za mikunjo nikaziona, na kofia kichwani, na mkononi ameshika tasbihi. Miguuni ana makubadhi. Mtu aliyejitayarisha kutoka. Baraza lake lina ngazi mbili tu, ukishuka mbili uko njiani, na jeneza la ndugu yake liko chini kwenye mchanga kama hatua sita kutoka zile ngazi. Akatutazama. Mie nikamtazama. Mjomba wangu akasema kwa sauti ya chini, twendeni. Ami akaweka mkono kwenye nguzo ya baraza, nikasema moyoni anashuka, wallahi niliona goti lake linakunjika, na nyuma yake dirishani nikamwona mtoto wake, yule wa Shimoni, anatazama vile vile. Mkono ukabakia kwenye nguzo. Tukanyanyua, kifundo kikarudi mahali pake begani, tukaenda.

Sikugeuka nyuma. Mpaka leo sijui alisimama pale muda gani.

Yaliyofuata mengi ni ya kupita tu. Khitma ya watu wachache. Mwaka 2005 ukaja na uchaguzi wake na hofu yake, nikahamia mjini kutafuta kazi nikarudi na duka dogo. Halafu Novemba 5, 2009 tukasikia Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, wamekutana Ikulu, peke yao, na watu hawakuamini, baadae ndo ikaja kura ya maoni Julai 31, 2010 kwamba tunakubali serikali ya umoja wa kitaifa au hatukubali. Nilikwenda mapema. Niko kwenye foleni nahisi mtu nyuma yangu karibu sana, foleni imeenda mie sijaona, akanambia songa mbele. Sauti naijua. Miaka minane hajanambia neno, na la kwanza likawa hilo. Nikasonga. Asilimia 66.4 walisema ndiyo, mie nilikuwa mmoja wao, yeye sijui na sikumuuliza. Iddi ya mwaka ule ami kaja nyumbani, kakaa, mama kamtilia chai, tukala sinia moja. Habari ya baba haikutajwa. Habari ya majina haikutajwa.

Watu wengi wanayadharau yale maridhiano wanasema yalikuwa ya wakubwa kugawana vyeo. Mie siyadharau hata kidogo. Uchaguzi wa Oktoba 2010 Shein wa CCM kapata 50.1 na Maalim Seif 49.1, tofauti nyembamba kama ile ile ya 1995, na hakuna mama aliyemlilia mtoto wake. Watu walirudi kuzikana! Nimeona kwa macho yangu, mie mwenyewe nimebeba mabega kwa mabega na watu ambao 2002 walikuwa ndani wamefunga milango. Hilo ni kubwa na waliolifanya Mungu awalipe.

Lakini ndo pale pale, tulikaa pamoja bila ya kuambiana. Wazee wakituambia yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, na kweli tukaganga, ila lile lililopita lilibaki chini ya jamvi tulilokalia. Oktoba 28, 2015 matokeo ya uchaguzi yalipofutwa ilichukua siku ngapi? Hata wiki haikufika. Dukani kwangu nikaanza kuwahesabu waliokuwa hawaji. Watoto wa ami wakanunua sukari mbali. Mwaka 2016, baada ya ule uchaguzi wa marudio wa Machi 20, mzee mmoja wa kijiji cha pili akazikwa na watu wanaohesabika, nikasikia nikafunga duka nikaenda, mtu asinambie ni chama gani. Na ami akawa anaitikia salamu yangu nusu, alaikum, basi.

Februari 2021 Maalim Seif alipofariki, ami alikuwa keshazeeka, nikamchukua na gari tukaenda Mtambwe kwenye maziko. Watu wale sijawahi kuona. Jeneza hatukulikaribia hata kwa mbali, bahari ya vichwa, wa chama hiki na kile, hujui nani nani. Ami akalia kama mtoto. Njiani kurudi kakaa kimya mpaka tumepita Wete, halafu kaniuliza, macho kayaelekeza nje, "Babako alizikwa na watu wangapi?"

Nikamwambia, "Kumi na moja, ami."

Hakusema kitu tena mpaka nyumbani.

Na mie sikusema. Ningeweza kumuuliza pale pale, ami, ile kanzu ulivaa ya nini? Angeweza kuniuliza habari ya majina. Nadhani kila mmoja alikuwa anaogopa jibu la mwenzake, au pengine tulikuwa tunaogopa kwamba tukishaambiana itakuwa hakuna tena pa kurudi. Naona nchi nzima imekaa kwenye ile gari, ndo ninavyohisi, tumetoka maziko pamoja, tunarudi njia moja, kila mtu anatazama dirisha lake. Labda hivo vinatosha. Wapo wanaosema vinatosha, kwamba ukilifukua jambo unafukua na wafu. Sijui. Nikikumbuka Oktoba 2015 naona havitoshi, nikikumbuka sinia la Iddi naona afadhali hivo kuliko tulikotoka.

Jana usiku nimemhadithia mwanangu kidogo, si yote, nimemwambia babu yako alibebwa na watu wachache na babu mdogo hakushuka. Akafikiri akaniuliza, sasa alivaa kanzu ya nini? Nikamwambia sijamuuliza. Kanitazama kama sijamjibu. Akasema muulize basi, si yupo.

Yupo. Kesho Ijumaa nimemwambia tutampitia pamoja tumchukue msikitini. Siku hizi ami zile ngazi mbili hawezi kuzishuka peke yake, lazima mtu amshike mkono.