Mstari mmoja ulivyonilia bakapu za wiki 3

Basi skripti yangu ya bakapu ilikuwa na mstari huu na nilikuwa naupenda kweli:

`if command -v pigz &>/dev/null; then`

Yaani kama pigz (programu ya kubana faili) ipo tumia hiyo maana iko faster, kama haipo rudi kwa gzip ya siku zote. Kwenye laptopu yangu ya Fedora ikapiga kazi freshi, juu nimeweka `#!/bin/sh` (mstari unaosema programu gani iisome skripti) kwa mazoea tu, nikaitupia kwenye seva ya Debian, kroni (kipanga ratiba cha Linux) inaikimbiza kila usiku na mimi nalala zangu. Wiki 3 baadaye nataka kurudisha faili moja nakuta bakapu zote baiti 0. Zote!!

Kumbe Fedora ukiita sh (programu inayosoma amri za skripti) unapewa bash, Debian unapewa dash, ndogo isiyo na mbwembwe za bash (tangu Squeeze ya 2011, Ubuntu walianza 2006). Na dash haijui `&>` (ya bash, inatupa matokeo na makosa yote sehemu moja) ila haisemi, inaikata vipande viwili: `command -v pigz &` inatupwa huko nyuma ijiendee, halafu inabaki `>/dev/null` peke yake ambayo jibu lake ni sawa siku zote. Kwa hiyo pigz iwepo isiwepo, if inapita, na kwenye seva haikuwepo, ndo maana faili zikatoka tupu. Ningetumia array (orodha za bash) angalau ingenipigia kelele palepale, hii imetulia kama maji mtungini. Hata `dash -n` (inakagua uandishi bila kuendesha skripti) haioni kitu, nimejaribu.

Kilichoiona ni checkbashisms, kikaguzi cha mambo ya bash kwenye skripti za sh, iko ndani ya pakiti ya devscripts, sekunde moja ikanionyesha mstari wenyewe na kuniambia niandike `>/dev/null 2>&1`. ShellCheck, kikaguzi kingine cha skripti, nayo inaikamata, onyo namba SC3020. Ila angalia, hazifanani: ShellCheck ikiona sh inalalamikia mpaka `local` (ya vigeu vya ndani ya function), ambayo dash inaikubali bila shida, so mi naipa `-s dash` inatulia. Na checkbashisms ukiandika bash pale juu inairuka faili yako, mpaka uilazimishe kwa `-f`.

Jana nimezipitisha skripti zangu zote za zamani, aisee `[[` na `==` za bash kila kona. Nyingi nimebadilisha tu mstari wa kwanza kuwa bash, sina nguvu hizo za kuandika upya. Za kontena za Alpine (Linux ndogo sana) ndo nimekaa nazo mpaka saa 8 usiku, maana kule bash yenyewe haipo.