Kwa nini sikubaki Uturuki

Tangu nirudi, wanaonisalimia wanamalizia na swali lile lile: mbona hukubaki? Wengi wanaijua Uturuki ya tamthilia zilizotiwa sauti za Kiswahili, yenye majumba kando ya mlango-bahari wa Bosphorus na wanaume wa suti na bastola ambao hata siku moja huwaoni wakienda kazini. Nikiwaambia niliishi bara, mbali na bahari, katika hosteli ya serikali yenye saa ya kufunga geti na supu ya dengu isiyokwisha, nyuso zinanywea. Mtanisamehe. Mimi nilipenda Eskişehir.

Ni mji wa wanafunzi, kwenye reli ya kutoka Ankara kwenda Istanbul. Katikati unapita mto Porsuk, na wazee watakuambia zamani ulikuwa unanuka kiasi cha kupita umeziba pua. Aliyesimamia kuusafisha ni meya Yılmaz Büyükerşen, profesa aliyeuongoza mji ule kuanzia 1999 hadi 2024. Leo vijana wanakaa kingoni wakibangua mbegu za alizeti mpaka usiku.

Mapenzi hayakuja mara moja. Ufadhili wa masomo wa serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, unakupa kwanza mwaka wa kujifunza lugha, na huo mwaka ndio uliotaka kunirudisha kwetu. Baridi ya uwanda ule inaingia mpaka kwenye meno. Kwenye tramu watu wanakukodolea macho, wengine wanaomba kupiga picha na wewe, na hujui ucheke au ukasirike, maana hata kukasirika kunahitaji msamiati.

Kilichonigeuza, nikitafakari sasa, ni gari bovu. Mwaka 1961 wahandisi wa karakana ya reli pale Eskişehir walipewa kama miezi minne na nusu kutengeneza gari la kwanza la Kituruki, liwe tayari Oktoba 29, Siku ya Jamhuri. Wakatengeneza manne, wakayaita Devrim, yaani Mapinduzi. Mawili yalisafirishwa kwa treni hadi Ankara, na kwa sababu za usalama matangi yakaachwa na petroli kidogo sana. Rais Cemal Gürsel akapanda moja mbele ya umati. Likaenda kidogo, likazima. Mafuta yamekwisha! Rais akahamia gari jingine na safari ikaendelea vizuri, lakini magazeti yalishapata cha kuchekea, na Devrim halikuwahi kuingia kiwandani kwa wingi. Limebaki moja, linaonyeshwa pale pale Eskişehir. Nilipelekwa na wanafunzi wenzangu, na walivyonisimulia ndivyo vilivyonishika: wanalicheka, wanalitetea, wanawalaani waandishi wa habari wa wakati ule kana kwamba ni jambo la jana. Nilijikuta nalitetea na mimi.

Tangu hapo nikaanza kulalamika kama wao, na nadhani hapo ndipo mgeni anapoacha kuwa mtalii. Mwaka 2022 mfumuko wa bei ulipopita asilimia 80, posho yetu ya lira ikawa ya kuhesabu vikombe vya chai, nami niligombana na bei sokoni sambamba na akina mama wa mtaa. Hakuna aliyeniambia nirudi kwetu kama sipapendi. Mmoja alinikazania kuhusu nyanya: zile za mbele ni za kuonyesha, chukua za nyuma.

Nyumbani wanasema nimerudi na maringo. Nakunywa chai ya rangi kwenye bilauri ndogo, mama anauliza kama maziwa yameharamishwa huko. Juzi nilipanda treni ya SGR kwenda Dodoma, nikawa namwonyesha mdogo wangu madaraja kama yangu. Mabehewa ni ya Korea Kusini, lakini reli ile, kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na kuendelea hadi Makutupora, imejengwa chini ya mkandarasi wa Kituruki, Yapı Merkezi. Mdogo wangu akaniambia, dada, tumeelewa, hebu tulia sasa.

Basi jibu la swali lenu. Kibali cha ukaazi cha mwanafunzi kinakwenda na masomo. Masomo yakiisha, utafute sababu nyingine ya kukaa, kazi au ndoa. Wenzangu kadhaa walitafuta na wakapata, na wanaishi vizuri tu. Mimi nimesomea uhandisi ujenzi, na nataka kujenga mahali ambapo msimamizi akinidanganya kuhusu nondo nitamjua kwa sauti yake kabla hajamaliza kusema. Kule, hata baada ya kuota ndoto kwa Kituruki, sikuwahi kufika hapo.

Nauli ikipatikana nitakwenda kutembea. Mwezi wa sita, si Januari.